Bakuli la viazi lenye ladha ya baga: vya kukaanga, vya oveni, vya kubonyeza au vya kuponda?

Nyumbani kwetu tunakula watu sita, na saa ya kula haijawahi kuwa moja. Watoto wanaanza kuulizia chakula saa kumi na mbili na nusu. Mama mkwe anakula akishaswali Isha. Mume wangu anafika foleni ikimruhusu, leo saa mbili, kesho saa tatu na nusu. Katika nyumba ya namna hiyo ndimo nilimojifunzia bakuli la viazi la mtindo wa baga: viazi chini, juu yake nyama ya kusaga, jibini iliyoyeyuka, kitunguu, nyanya, majani ya saladi, tango la siki, na sosi ya kumalizia. Kila kinachokaa ndani ya baga kimo, isipokuwa mkate umetoka na kiazi kimeshika nafasi yake.

Baga ilichukua jina Hamburg, mji wa bandari wa Ujerumani, ikapata umaarufu wake Marekani, na siku hizi huko wako wengi wanaoila bila mkate. Lakini aliyekulia Dar es Salaam haoni ugeni mkubwa hapa. Chipsi, mishikaki miwili juu, kachumbari pembeni, tomato sosi na pilipili: sahani hiyo tumeijua tangu tukiwa shule. Hili bakuli ni ndugu yake.

Ugumu uko kwenye viazi. Nimepika kwa njia nne, zote mara nyingi, na kila ndugu anayeniuliza njia ipi aifuate namrudishia swali: chakula chako kitasubiri dakika ngapi kabla ya kuliwa? Nyama haina shida, ukiipasha inarudi. Kiazi ndicho kinachobadilika kila dakika inayopita, na hasa kikishamwagiwa sosi.

Mambo ya kupima kabla ya kuchagua

Pima kwanza kazi: mikono mingapi ipo jikoni, na una muda gani. Pili, moto na mafuta, maana mwenye plati moja ya gesi hawezi kupika kama mwenye oveni. Tatu, kusubiri: viazi vitakaa vizuri kwa muda gani mezani. Nne, aina ya kiazi unachoweza kukipata sokoni. Mwisho, walaji wenyewe: meno yao, umri wao, na afya yao. Nimezipitisha njia zote nne kwenye mambo hayohayo.

Sehemu ya juu haibadiliki

Ili ulinganisho uwe wa haki, nyama na sosi ziwe zilezile. Kwa watu sita mimi natumia kilo moja na nusu ya viazi, gramu 600 za nyama ya ng'ombe ya kusaga, vitunguu maji viwili, gramu 150 za jibini ya kukuna, na nyanya tatu.

Bucha wengi ukiwaambia "nyama nzuri ya kusaga" wanakuchagulia steki isiyo na mafuta hata chembe. Ikishaiva inakuwa kama vumbi la mbao mdomoni. Mwombe asage na mafuta kidogo, sehemu moja ya mafuta kwa nne za nyama. Kisha kikaango kipate moto kweli kabla nyama haijaingia. Ukiiweka kwenye kikaango cha baridi inatoa maji, inachemka katika maji yake na kugeuka kijivu, na harufu ya baga hutaisikia. Itandaze kama chapati nene, iache dakika tatu au nne bila kuigusa. Utasikia mlio ukibadilika, kutoka kubwata kwa maji kwenda kwenye kukaanga kukavu. Geuza, upande wa chini uwe na rangi ya kahawia iliyoiva. Hapo ndipo unaivunjavunja kwa mwiko, unatia chumvi, pilipili manga na vitunguu. Nyama ya kusaga haifai kubaki na wekundu katikati. Mwenye kipimajoto cha jikoni asubiri nyuzi 71 za Selsiasi.

Jibini iweke juu ya nyama ikiwa bado kikaangoni, zima moto, funika dakika moja. Ukiinyunyiza juu ya viazi haiyeyuki vizuri, na ukifunika ili iyeyuke mvuke unalainisha viazi.

Sosi: vijiko vinne vya mezani vya mayonesi, viwili vya tomato sosi, kimoja cha haradali, kijiko cha chai cha siki, na tango la siki lililokatwakatwa. Asiyepata matango ya chupa akate tango la kawaida vipande vyembamba, atie chumvi, sukari kidogo na siki, asubiri nusu saa, akamue. Kukamua ni muhimu. Nyanya nazo toa mbegu. Maji ya kachumbari yameharibu viazi vizuri vingi kuliko mpishi mbaya. Na juu kabisa nanyunyiza ufuta uliokaushwa kikaangoni, kwa sababu baga bila ufuta wa juu ya mkate naiona imepungukiwa.

Njia ya kwanza: chipsi za kukaanga

*Kazi.* Hii ndiyo yenye kazi kubwa. Unamenya, unakata vidole vinene, unaloweka nusu saa kwenye maji baridi ili wanga wa juu utoke, unakausha kwa kitambaa mpaka visiwe na unyevu. Kisha unakaanga mara mbili. Mara ya kwanza kwenye mafuta ya moto wa wastani, nyuzi 150 hadi 160, dakika tano au sita, mpaka viwe laini ndani bila kushika rangi. Unavitoa, vinapoa. Mara ya pili mafuta yawe makali, nyuzi 180 hadi 190, dakika mbili tatu tu, na vikifika rangi ya dhahabu unatoa. Kukaanga mpaka kahawia iliyokolea hakufai kwa ladha wala kwa afya. Kilo moja na nusu kwenye karai la nyumbani ni mikupuo minne. Anayekaanga hali na wenzake, hilo lijulikane mapema.

*Moto na mafuta.* Unahitaji lita moja na nusu ya mafuta au zaidi. Yakichujwa yanatumika tena, lakini siku ya kwanza lazima yawepo. Na karai la mafuta ya moto halikai pamoja na watoto wanaokimbizana jikoni.

*Kusubiri.* Hapa ndipo chipsi zinaposhindwa. Zikishamwagiwa nyama na sosi zina kama dakika kumi za utamu, basi. Mara ya kwanza nilipopika bakuli hili nilikaanga mapema, nikaziweka kwenye hotpoti ili zisipoe. Baada ya nusu saa nilipofunua, mfuniko ulikuwa unadondosha matone, na chipsi zimelala zimeshikana kama zilizochemshwa. Hotpoti inafungia joto, lakini inafungia na mvuke pia. Tangu siku hiyo nakaanga mara ya kwanza saa kumi jioni, nazitandaza kwenye sinia bila kufunika, na mara ya pili nakaanga watu wakishakaa.

*Kiazi.* Tafuta kikavu chenye unga mwingi. Kenya wapishi wa chipsi na krispi wanakijua Dutch Robijn, chenye ganda jekundu. Tanzania, vinavyoshuka kutoka Njombe, Mbeya na Lushoto viko vya kila namna kwenye gunia moja, hivyo mwulize muuzaji kipi wauza chipsi wanachukua. Usiviweke kwenye friji vikiwa vibichi: baridi inageuza wanga kuwa sukari, na chipsi zinakuwa nyeusi kabla ya kuiva.

*Inawafaa nani.* Vijana, wageni wanaofika kwa wakati mmoja, na jioni ya wikiendi yenye watu wawili jikoni. Kwa ladha ya baga ya mgahawani, hii ndiyo iliyo karibu zaidi.

Njia ya pili: vipande vya oveni

*Kazi.* Kata vipande vya mraba vya sentimita mbili au tatu. Chemsha dakika nane hadi kumi kwenye maji yenye chumvi na nusu kijiko cha chai cha bikaboneti ya soda. Mwaga maji, rudisha viazi kwenye sufuria, funika, tikisa kwa nguvu. Ukifunua utaona kingo zimechakaa, kama zimepakwa uji mzito. Usihofu. Hiyo ndiyo itakayokauka na kuwa ganda. Tia vijiko vinne vya mafuta, chumvi na pilipili ya paprika, tandaza kwenye trei bila kurundika, oveni nyuzi 220 kwa dakika 40 hadi 45, ukigeuza mara moja. Kazi ya mikono ni robo saa. Muda mwingine wote uko huru kupika nyama au kusimamia kazi za shule za watoto.

*Moto na mafuta.* Mafuta ni kidogo sana ukilinganisha na karai. Umeme ndio unaoliwa, kwa hiyo angalia uniti za LUKU kabla hujaanza, na ujue utafanya nini umeme ukikatika katikati. Mwenye kikaangio cha hewa ya moto atapata matokeo yaleyale kwa dakika 20 hivi, ila vingi vya nyumbani vinatosha watu wawili au watatu kwa mkupuo. Kwa sita utarudi kwenye kusubiriana.

*Kusubiri.* Vizuri. Trei ikibaki ndani ya oveni iliyozimwa, mlango ukiwa wazi kidogo, viazi vinadumu nusu saa. Vikilainika, dakika nane za moto mkali zinavirudisha. Vikiwa chini ya nyama na sosi vinavumilia kama robo saa.

*Kiazi.* Chenye unga tena, lakini oveni ina huruma, hata kiazi cha kawaida kinatoka vizuri. Shangi ya Kenya inaiva haraka mno. Punguza dakika za kuchemsha la sivyo itavunjika ukiitikisa.

*Inawafaa nani.* Mpishi aliye peke yake, familia inayopunguza mafuta, na meza ya watu wengi, mradi oveni ipo.

Njia ya tatu: vya kubonyeza kikaangoni

Hii naipenda kwa sababu nimeona ikiwaokoa watu wengi wasio na oveni, na bado sijaona ikipewa heshima yake.

*Kazi.* Chukua viazi vidogo, vya ukubwa wa limau. Osha kwa brashi mpaka udongo wote utoke, maana ganda linaliwa. Chemsha vizima dakika 20 hadi 25, ukianza na maji baridi yenye chumvi, mpaka kisu kipite bila kubishana. Mwaga maji, viache dakika tano vipumue mvuke. Weka kimoja kwenye ubao, kifunike na kitako cha kikombe, bonyeza taratibu. Utasikia ganda likipasuka, na kiazi kinafunguka kama ua, katikati kimeshikamana, pembeni kimechanika. Unene ubaki sentimita moja na nusu. Kikaango cha moto, vijiko vitatu vya mafuta, dakika tano au sita kila upande, na usiviguseguse. Ukivigeuza mapema ganda linabaki limeng'ang'ania kikaangoni.

*Moto na mafuta.* Plati moja ya gesi inatosha, hata jiko la mkaa. Mafuta kidogo. Kwa watu sita utakaanga mikupuo mitatu, na nyama itapikwa kabla au baada.

*Kusubiri.* Vikishakaangwa vinadumu dakika 20 bila kunyong'onyea, kwa sababu vina ganda lao. Lakini faida kubwa iko kabla ya kukaanga: vilivyochemshwa vinaweza kulala kwenye friji mpaka kesho yake. Tena vikipoa vinakauka, na vinashika rangi vizuri zaidi kuliko vya moto. Vitoe tu robo saa kabla, visivunjike ovyo ukibonyeza.

*Kiazi.* Vidogo vyenye ganda jembamba. Mara nyingi vinapatikana kwa nafuu, kwa kuwa wauza chipsi wanataka vikubwa. Kwenye sado ya viazi mchanganyiko chagua vidogo hivi, vikubwa viweke kwa siku nyingine.

*Inawafaa nani.* Mwenye jiko moja, mwenye familia inayokula kwa zamu, na anayetaka watoto washiriki. Kubonyeza kwa kikombe ni kazi ambayo mtoto wa miaka saba anaifanya kwa furaha, viazi vikishapoa kidogo.

Njia ya nne: vya kuponda

*Kazi* ni ndogo: chemsha, ponda vikiwa moto, tia maziwa ya moto na siagi. Tumia mwiko au kipondeo, usitumie blenda. Visu vya blenda vinakamua wanga wote na unapata gundi. *Moto* ni plati moja. *Kusubiri* ndiko kunakoipa ushindi mahali pake: kwenye hotpoti vinakaa saa nzima na zaidi, na ile tabia ya mvuke iliyoharibu chipsi zangu hapa inasaidia. *Kiazi* chochote chenye unga kinafaa.

Ladha inahama kidogo. Bila ugumu wa nje, bakuli linaelekea kwenye pai ya nyama kuliko kwenye baga, kwa hiyo ongeza kitu cha kutafunika: vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikakauka, kama vile vya pilau, pamoja na ufuta na tango la siki kwa wingi. *Inawafaa* wazee wasio na meno imara, watoto wadogo, na mgonjwa anayerudisha hamu ya kula. Mama mkwe wangu hataki kusikia habari ya chipsi, na bakuli hili analimaliza.

Afya na mfuko

Kiazi chenye kijani kirefu chini ya ganda, au chenye ladha chungu, tupa. Kijani ni dalili kwamba kimepigwa na mwanga, na sumu iitwayo solanini huongezeka katika hali hiyo, kupika hakuiondoi. Machipukizi nayo yachimbe na kuyatoa.

Kwa mwenye kisukari, njia ya kupika haifuti wanga. Vya kuponda hasa hupandisha sukari haraka. Mpunguzie viazi viwe robo ya bakuli, mjazie saladi na nyama, na tomato sosi iwe kidogo maana ina sukari ndani.

Nyama ikiwa ghali, changanya nusu yake na dengu zilizochemshwa zikiwa bado nzima, kisha zikaange pamoja na vitunguu mpaka zikauke. Kwenye vya kuponda na vya oveni hutaona tofauti kubwa. Kwenye chipsi utaiona. Jibini ikikosekana, yai la kukaanga lenye kiini laini linashika nafasi yake, na hapo utakuwa umerudi karibu kabisa na chipsi mayai.

Kwa hali yako

Kama wageni wanafika saa moja kamili na mna mtu wa kukaa na karai, kaanga chipsi. Zigawe kwenye mabakuli papo hapo, kila mmoja ajiwekee nyama na sosi, msizimwagie mapema.

Kama uko peke yako, umetoka kazini, una oveni na umeme upo, choma vipande. Nyama ipike dakika kumi za mwisho.

Kama una mtungi mdogo wa gesi wenye jiko la juu yake, bonyeza. Pika nyama kwanza, ifunike, halafu kaanga viazi kwenye kikaango hichohicho bila kukiosha. Mafuta ya nyama yaliyobaki yanavipa ladha ambayo oveni haina.

Kama unapeleka chakula kwa jirani aliyejifungua, au kwenye nyumba yenye mgonjwa, ponda. Nyama chombo chake, sosi chombo chake.

Na kama nyumba yako ni kama yangu, yenye zamu tatu za kula, chemsha viazi vyote kwa mara moja saa kumi jioni, vidogo na maganda yake. Vya watoto navibonyeza saa kumi na mbili. Vya mama mkwe namenya vikiwa bado na joto, naviponda, vinaingia kwenye hotpoti mpaka amalize Isha. Vya mume wangu, vinne au vitano, vikishapoa vinakwenda kwenye friji pamoja na nyama yake, maana joto la Dar haliruhusu chakula kilichopikwa kukaa juu ya meza zaidi ya saa mbili. Nikisikia geti, navitoa na kuwasha jiko. Akimaliza kuoga, nyama imeshapashwa mpaka inatoa mvuke, jibini inayeyuka, na viazi vimeshageuzwa upande wa pili.